Majani yamejikunja: soma shamba kabla hujapiga dawa

Ujumbe huingia asubuhi mapema. Ni picha ya jani moja la nyanya lililoshikwa kwa vidole viwili, limekunjamana, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mama, nipige dawa gani?" Naitikia marahaba, kisha narudisha maswali manne au matano. Najua mwenzangu anayapokea kwa uchovu, maana alitaka jina la dawa. Lakini jani moja lililojikunja halitoshi kutoa jibu. Huenda limekunjwa na virusi, au na utitiri ambao jicho haliuoni, au na dawa ya magugu iliyobaki kwenye bomba, au na upungufu wa madini, au na jua kali la wiki iliyopita basi. Dawa nyingi zinazoua inzi weupe haziui utitiri. Dawa ya ukungu haigusi virusi. Na virusi vyenyewe vikishaingia ndani ya mmea havina dawa ya kuvitoa, hata muuzaji akikuapia.

Nalima nyanya, hoho na papai pembezoni mwa Morogoro. Nimeona wakulima wakipiga dawa tatu zilizochanganywa kwenye bomba moja, na busta, yaani mbolea ya majani, juu yake, kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kubadili ratiba ya maji. Nimeona na kinyume chake: mtu anasubiri wiki tatu akidhani ni jua, kumbe ni rasta, ugonjwa wa virusi wa nyanya, inayotembea mche kwa mche. Hasara zote mbili zinaniuma. Kwa hiyo hapa naandika njia ninayoipita mwenyewe nikiitwa shambani, kwa mpangilio uleule.

Anza ukiwa umesimama mbali

Usikimbilie jani. Simama pembeni mwa shamba mahali unapoliona lote, ujiulize: mimea migonjwa imekaaje?

Kama imetawanyika, mmoja hapa, mwingine hatua kumi mbele, na katikati yao mimea mizima kabisa, fikiria kwanza virusi vilivyoletwa na mdudu anayeruka. Mdudu hutua anapotaka. Kama ugonjwa umeanzia ukingo mmoja na kupungua kadiri unavyoingia ndani, angalia upande huo kuna nini: shamba la jirani lililovunwa ambalo wadudu wake wamehamia kwako, au mpunga na mahindi yaliyopigwa dawa ya magugu siku ya upepo. Kama ni mabaka ya mviringo yanayopanuka, hasa kwa kufuata mkondo wa maji, chanzo kipo ardhini. Na kama ni mistari iliyonyooka, au shamba zima kwa siku moja, jiangalie wewe mwenyewe: bomba, mbolea, maji. Ugonjwa ni nadra kuanza kwa mstari ulionyooka, isipokuwa ule unaobebwa kwa mikono na visu, na hauamki asubuhi moja ukiwa kila mahali.

Kisha angalia magugu. Wengi wanaliruka hili, nami nalipenda kuliko yote kwa sababu halina gharama. Kishona nguo, mchicha pori na maharage ya pembeni ni koo tofauti kabisa na nyanya. Ni nadra sana virusi vya nyanya viyakunje yote kwa mkupuo. Ukikuta nyanya, maharage na magugu vyote vimepinda kwa namna moja, ndani ya wiki moja, hiyo ni kemikali. Hapo huna haja ya kutafuta mdudu.

Jani jipya au jani kuukuu?

Sasa sogea kwenye mche mmoja. Tatizo limeanzia juu kwenye chipukizi, au chini kwenye majani ya zamani?

Mmea una madini unaoweza kuyahamisha na madini usioweza. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhamishika: yakipungua, mmea huyanyang'anya majani ya zamani ili kulisha machanga, hivyo dalili huonekana chini kwanza. Kalsiamu, boroni na chuma vikishajengwa kwenye jani havitoki tena, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani yanayozaliwa. Ukishika hilo tu, umeshapunguza nusu ya kubahatisha. Njano iliyoanzia chini na jani zima kupauka ni njaa ya naitrojeni. Njano iliyoanzia chini lakini kati ya mishipa tu, mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni magnesiamu. Njano hiyohiyo kati ya mishipa ikiwa kwenye majani machanga, fikiria chuma, na mara nyingi chuma kimo ardhini ila udongo una chokaa nyingi au umejaa maji, mizizi inashindwa kukichukua.

Virusi, utitiri na dawa ya magugu pia hujionyesha juu, kwa kuwa hushambulia sehemu inayokua. Kwa hiyo kwa majani yaliyoharibika umbo, kazi yetu kubwa iko kwenye ncha.

Nyanya: majani ya juu madogo, yamekunjika kwenda juu, kingo za njano

Hii ndiyo wakulima wanaiita rasta. Majani ya juu yanadumaa, yanakuwa madogo kama ya mche wa kitaluni, yanajikunja kwenda juu kama kikombe, na kingo zake zinageuka njano huku katikati kukibaki na ukijani. Umbali kati ya jani na jani unafupika, kichwa cha mche kinasongamana kama kichaka. Maua yanatoka, kisha yanadondoka. Mche ulioambukizwa mapema unaweza usikupe hata tunda moja la kuuza. Ulioambukizwa ukiwa umeshafunga matunda utakuvumilia, utayavuna yale ya chini.

Kinachoubeba ni inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi la unga ukitikisa mche. Wanakaa chini ya jani, wananyonya, na mmoja akishanyonya kwenye mche mgonjwa anabeba virusi hivyo kwa wiki nzima na zaidi. Dalili hutokea kama wiki mbili hadi tatu baada ya kuumwa. Hesabu hiyo ina maana kubwa: mche unaouona umejikunja leo uliumwa wakati ule ulipokuwa unafurahia jinsi ulivyoshika vizuri baada ya kuhamishwa. Kupiga dawa leo hakuuponyi. Kunaweza tu kuwalinda waliobaki.

Kwa hiyo vita ya rasta iko kitaluni na katika wiki nne au tano za mwanzo shambani. Miche ikae ndani ya chandarua chenye matundu madogo sana, maana chandarua cha mbu inzi weupe anapita bila kuinama. Kitalu kiwe mbali na nyanya za zamani. Nyanya zilizokwisha kuvunwa zing'olewe, zisiachwe zimesimama zikinyauka taratibu, kwa kuwa hapo ndipo inzi wanapoondokea kuja kwako. Ukinunua mbegu chotara, soma paketi: kama ina ukinzani wa ugonjwa huu kwa kawaida utakuta herufi TYLCV au TYLC. Mbegu hiyo ni ghali, na katika msimu wa kiangazi wenye inzi wengi naona inajilipa.

Mche mgonjwa ung'olewe, lakini usiung'oe jua likiwa limewaka. Ukiutikisa, inzi wote waliokuwa juu yake wanahamia kwa majirani wakiwa na mzigo tayari. Nenda alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na wao wamepoa. Nyunyiza chini ya majani maji ya sabuni, vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji kwa lita moja, acha kidogo, ndipo ung'oe na kuufunga kwenye mfuko. Jaribu sabuni yako kwanza kwenye majani machache, baadhi zinaunguza.

Jambo moja zaidi kuhusu dawa za inzi weupe: ukitumia kundi moja la dawa msimu mzima unawachuja walio sugu, na hao ndio watakaozaa. Badilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa. Chupa mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile, kwa hiyo soma maandishi madogo.

Rasta haiambukizwi kwa mikono wala kisu. Lakini kuna virusi vingine vya nyanya, vya batobato la tumbaku na ndugu yake wa nyanya, ambavyo huenda kwa mikono, kamba na visu vya kupogolea. Hivyo huacha jani lina mabaka ya kijani kizito na kijani chepesi, wakati mwingine jani linakuwa jembamba kama la kangaga. Ukiona mabaka ya namna hiyo yanafuata mstari uliopogolewa, osha mikono kwa sabuni kila baada ya mche, na anayevuta sigara asiguse nyanya kabla hajanawa.

Nyanya: majani ya chini yamejiviringa juu, mazito, lakini kijani

Acha. Huo si ugonjwa. Jani limejiviringa kama sigara, likishikwa ni gumu kama ngozi, lakini rangi ni nzuri na ncha ya mche inaendelea kukua kwa afya. Hutokea joto likipanda, au ukiwa umepogoa sana kwa mara moja, au maji yakija kwa kishindo baada ya siku kadhaa za ukavu, au urea ikizidi. Mmea unapunguza eneo linalopigwa na jua. Weka matandazo, mwagilia kwa kiasi kinacholingana, pogoa kidogo kidogo. Matunda hayapungui kwa ajili yake. Nimewahi kumzuia kijana aliyekuwa na chupa mkononi, kifuniko kimeshafunguliwa, kwa shamba ambalo lilikuwa zima kabisa.

Hoho na pilipili: majani machanga membamba, yamepinda kwenda chini

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa sababu wanatafuta mdudu na hawamwoni. Wanahitimisha ni virusi, wanakata tamaa, au wanapiga dawa ya inzi.

Geuza jani changa uliangalie kwa mwanga wa pembeni. Kama upande wa chini unang'aa kwa rangi ya shaba, kama umepakwa mafuta, jani limekuwa nene, linavunjika kirahisi, na kingo zimepinda kwenda chini, hesabu ni utitiri mpana. Ni mdogo mno: urefu wake ni kama sehemu mbili za kumi za milimita. Kioo kinachokuza mara 10 hukupa wasiwasi tu, cha mara 20 ndicho hukupa jibu. Tafuta mayai, kwa kuwa hayatembei: ni ya duaradufu, yanang'aa kama ushanga wa kioo, na juu yake kuna safu za nukta nyeupe. Nilipoyaona mara ya kwanza kwenye jani la hoho nilikaa chini kwenye tuta nikayatazama kwa dakika nyingi. Ukishayaona hutayasahau, na hutamwambia mtu tena kwamba hilo ni virusi.

Matunda nayo hushuhudia. Hoho iliyonyonywa na utitiri huu ikiwa changa hukua na ngozi ya kahawia iliyokakamaa, kama gamba la kizibo. Virusi havifanyi hivyo.

Utitiri si mdudu, una miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu haziufanyi lolote. Mbaya zaidi, dawa kali za jamii ya pareto za viwandani huua utitiri mwema unaokula huu mbaya, na wiki mbili baadaye hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kinachofanya kazi ni salfa au abamektini, ikipigwa ndani ya chipukizi na chini ya majani. Salfa usiipige jua likiwa kali, inaunguza, wala usiipige karibu na siku uliyotumia mafuta ya mwarobaini au mafuta mengine: acha wiki mbili zipite. Utitiri huu hudandia miguu ya inzi weupe na kusafiri nao, ndiyo maana matatizo haya mawili hupenda kuja pamoja na kumchanganya mtu.

Kama majani ya hoho yamepinda kwenda juu badala ya chini, yamekuwa kama mtumbwi, na yana mikwaruzo ya rangi ya fedha yenye vidoti vyeusi vya kinyesi, hao ni thripsi, wadudu wembamba wadogo sana. Gonga ua au chipukizi juu ya karatasi nyeupe: utaviona vijiti vidogo vya njano au kahawia vikikimbia. Wadudu mafuta, yaani vidukari, ni rahisi zaidi. Wamejazana kwenye ncha, wanaacha utomvu mtamu unaonata, sisimizi wanapanda na kushuka, na baadaye ukungu mweusi kama masizi unafunika majani. Maji ya sabuni kwa kurudia, pamoja na kuwaondoa sisimizi wanaowalinda, hutosha kwa shamba dogo.

Majani kama kamba, kama pepeo la mkono, mishipa imenyooka sambamba

Msimu mmoja niliazima bomba la mgongoni kwa jirani. Lilikuwa limetoka kwenye mpunga, limepiga 2,4-D kuua magugu ya majani mapana. Lilisuuzwa kwa maji mara moja, nami niliona limesafishwa. Nililijaza dawa ya ukungu nikapiga nyanya zangu zote jioni ile.

Siku ya tatu ncha za miche ziliinama, vikonyo vya majani vimejinyonga kama kamba inayosokotwa. Kufikia siku ya saba majani mapya yalitoka membamba, mishipa yake imenyooka sambamba kama ya jani la mgomba, kingo zimechanika meno marefu. Nilidhani ni virusi vya aina mpya. Kilichonifungua macho ni maharage niliyokuwa nimeyapanda kwenye kingo: nayo yalikuwa yamejikusanya vilevile, na kishona nguo kando yake pia. Kila nilichokipitia na bomba lile.

Nyanya, pamba, mizabibu na papai huathirika na 2,4-D kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Mabaki ya kwenye mpira na chujio la bomba yanatosha. Upepo unaweza kuileta kutoka shamba la mbali, na aina yake ya esta hugeuka mvuke kwenye joto na kuhama hata baada ya kupigwa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kama dozi ilikuwa ndogo, ncha mpya hutoka zikiwa za kawaida baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo mwagilia, usiongeze mbolea kwa hasira, subiri. Matunda ya miche ile sikuyauza wala sikuyapika, maana dawa ile haikusajiliwa kupigwa kwenye nyanya.

Tangu hapo nina bomba la magugu peke yake, nimelipaka rangi nyekundu, na siliazimishi mtu. Kama huna uwezo wa mabomba mawili, suuza mara tatu, kila mara ukipitisha maji kwenye mpira na pua hadi mwisho, na ukipata amonia ya nyumbani iache ndani usiku mmoja.

Samadi na nyasi za matandazo nazo zinaweza kubeba dawa ya magugu kutoka malishoni. Ukizitilia shaka, fanya kipimo cha maharage: jaza makopo matatu udongo uliochanganywa na samadi hiyo na matatu udongo usio nayo, panda maharage, subiri yatoe majani matatu matatu. Yakijikunja kwenye makopo ya samadi tu, umeshajua.

Papai: majani yamebaki mishipa

Papai ndilo linaloonyesha vizuri kwa nini jani peke yake halitoshi, kwa kuwa mambo matatu tofauti yanalifanya jani lake lifanane na mguu wa kuku.

Virusi vya madoa ya pete, vinavyoletwa na vidukari: jani lina mabaka ya njano na kijani, na ukitazama vikonyo na shina la juu utaona michirizi ya kijani kizito kama iliyolowa mafuta. Tunda lina vipete. Mti huo ukate, hautapona, na kila siku unaosimama unahatarisha mingine. Utitiri mpana: majani machanga yamekakamaa na kujikunja kama kucha, lakini hakuna michirizi ya mafuta kwenye kikonyo wala pete kwenye tunda. Huo unatibika kwa salfa. Dawa ya magugu: rudi kwenye magugu ya chini ya mti, yatakuambia.

Na kama majani ni mazuri ila matunda yana manundu, yametoa utomvu, shaka boroni. Boroni ni kitu cha kupima kwa uangalifu sana. Tofauti kati ya dozi na sumu ni ndogo, kwa hiyo usiongeze kijiko kwa nia njema.

Muhogo: batobato

Muhogo una ugonjwa wake wa majani kujikunja ambao historia yake imefungamana na nchi hii. Ulielezwa kwa maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania, na kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara kilianza kazi ya kutafuta mihogo inayoustahimili tangu miaka ya 1930. Unabebwa na inzi weupe walewale, na pia na pingili tunazopeana kwa wema.

Jani lina mabaka ya njano, limepinda, upande mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Kujua ulikotoka, angalia majani ya chini kabisa. Yakiwa nayo yana mabaka tangu lile la kwanza, pingili ilipandwa ikiwa mgonjwa. Yakiwa safi na ugonjwa umeanzia katikati kwenda juu, inzi waliuleta baadaye. Hali ya kwanza inakutaka ubadili unapopata mbegu, ya pili inakutaka ufikirie aina yenye ukinzani. Kichwa cha muhogo kikisongamana bila mabaka yoyote, na ukakuta vitu vyeupe kama pamba vimejificha kwenye ncha, hao ni vidung'ata. Kwa hao usikimbilie sumu, kwa kuwa kuna nyigu mdogo kutoka Amerika ya Kusini aliyeletwa Afrika kuwala, kazi iliyompa mtafiti Hans Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu huyo hufa kwa sumu kabla ya adui yake.

Mwenye simu janja anaweza pia kutumia programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kamera bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Iamini kwa kuipa majani kadhaa, siyo moja.

Majani hayana kosa, mmea mnyonge tu

Ng'oa mmoja. Najua inauma, lakini mmoja unaokoa mia. Mizizi yenye vinundu vilivyovimba kama shanga zilizoshonwa ndani ya mzizi ni minyoo fundo. Kwenye maharage usivichanganye na vifundo vyema vya naitrojeni: hivyo vimeshikizwa kando, vinabanduka kwa ukucha, na ukikipasua kilicho hai ndani ni cha waridi. Shamba dogo lenye minyoo fundo lifunike kwa nailoni angavu wakati wa jua kali, wiki 4 hadi 6, udongo ukiwa na unyevu.

Nyanya inayonyauka ghafla ikiwa bado kijani, mchana inalala na usiku inajaribu kuamka, ifanyie kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kama urefu wa kidole, kitundike ncha yake iguse maji safi kwenye glasi, usikitikise. Ndani ya dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona uzi mweupe kama moshi wa udi ukishuka kutoka kwenye shina. Ukiuona, hakuna dawa ya kununua. Usipande nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo hapo kwa miaka kadhaa, na usiruhusu maji ya eneo hilo yaelekee kwingine.

Wenzetu wa pwani wanaomwagilia kwa visima, kingo za majani ya zamani zikiungua kahawia, onjeni maji. Chumvi hufanya hivyo, na mbolea huizidisha.

Ukiwa bado hujui

Peleka mmea mzima wenye mizizi na udongo wake kwa afisa ugani, siyo jani. Udongo unaweza kupimwa kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kule Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro. Ukituma picha kwa simu, tuma shamba zima, mche mzima, ncha kwa karibu, chini ya jani, na mizizi, kisha eleza lini ilianza na ulipiga nini wiki mbili zilizopita.

Na dawa yoyote utakayoamua, kabla ya kuipiga funga uzi mwekundu chini ya jani changa kabisa kwenye miche mitano, na acha mstari mmoja bila kupiga. Jani lililokwisha kuharibika umbo halinyooki tena, hata dawa iwe sahihi kiasi gani, kwa hiyo usilitazame hilo. Rudi baada ya siku kumi, na tena baada ya wiki mbili, uangalie kilichoota juu ya uzi, kwenye miche uliyopiga na kwenye mstari ulioacha.